Kufuli la Pili Mlangoni

Jumamosi, 22 Februari 2025

Daftari jipya. Naahidi hapa mwanzo kabisa: nitaandika yote. Si mazuri peke yake. Mwalimu Mildred, aliyenifundisha Kiswahili kwa miaka minne, alinipa daftari hili siku matokeo yalipotoka. Alisema mtu anayejiandikia mwenyewe hana sababu ya kudanganya. Haya basi.

Nimepata nafasi ya kidato cha tano Tororo! Shule ina maktaba ya ghorofa mbili, na ukisimama uwanjani unauona Mwamba wa Tororo wote, kuanzia chini mpaka juu. Barua inasema niripoti Jumatatu tarehe 3 Machi, kabla ya saa sita mchana, na vyeti halisi: cheti cha kuzaliwa, karatasi ya matokeo, barua ya shule niliyotoka. Nakala hazipokelewi. Asiyefika, nafasi yake anapewa anayesubiri. Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi mpaka naiona nikifumba macho.

Mama pia anahama. Mama mdogo Jovia amempatia baraza la kushonea nguo karibu na soko la Tororo. Kwa hiyo tunaondoka hapa Marachi, upande wa Kenya, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga ya Mzee Osborn, chumba namba nne. Tumekaa hapa miaka sita. Kila asubuhi nilikuwa navuka mpaka kwenda shule upande wa Uganda, jioni narudi. Tarehe mosi Mama alimwambia Brayo, msimamizi wa ploti, kwamba mwezi huu ndio wa mwisho. Kodi imelipwa mpaka tarehe 28. Hatudaiwi hata shilingi.

Mama ana njia yake ya kuhama. Anasema lori likifika mpakani limebeba kitanda na kabati, kila mtu anataka kujua limetoka wapi, liko wapi karatasi, nani ameandika. Lakini vitu vikivuka kidogo kidogo, hakuna anayegeuza shingo. Ndivyo alivyovusha vitambaa vyake miaka yote hii. Kwa hiyo tumemwita Paddy. Paddy hana nguvu za miguu tangu utotoni. Ana baiskeli ya magurudumu matatu anayoiendesha kwa mikono, na nyuma ina sanduku kubwa la mbao. Maofisa wote wanamjua. Vitu vitakaa nyumbani kwake, mtaa wa Sofia, ng'ambo, mpaka Ijumaa. Halafu pikapu itavipeleka Tororo.

"Na mdomo mnafunga," Mama alisema. "Mtu akiuliza, sema ni vitu kidogo tu."

Vya thamani vinakwenda mwisho: cherehani, na sanduku langu la bati la bluu lenye vyeti. Hilo Mama atalibeba mwenyewe. Hataki lilale kwa watu.

Jumapili, 23 Februari

Baada ya kanisa, safari mbili. Sufuria, ndoo, viti viwili vya plastiki, mapazia. Chumba kinaanza kutoa mwangwi. Niliimba kidogo nisikie. Mama akacheka.

Nitaikumbuka taa ya nje. Hapa sheria ni kwamba taa ya uani inazimwa saa nne. Lakini mwezi wa mtihani Mzee Osborn alimwambia Brayo aiache iwake, kwa sababu kulikuwa na mtoto anayesoma. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Matokeo yalipotoka alileta soda mbili, moja yangu, moja ya Mama, akaondoka bila kukaa. Hana maneno mengi.

Jumatatu, 24 Februari

Safari tatu! Godoro langu, meza ndogo, gunia la mahindi, vyombo. Paddy alikuwa anatania kwamba sisi tuna vitu vingi kuliko sura zetu. Mama alikwenda Tororo kuona lile baraza, kwa hiyo nilisimamia mimi.

Mzee Osborn alipita uani. Tukasalimiana. Akaenda zake.

Zimebaki siku saba kabla ya shule.

Jumanne, 25 Februari

Sijui nianzie wapi. Nianzie mlangoni.

Asubuhi nilikwenda kupiga picha za pasipoti, shule imetaka nne. Mama alikuwa sokoni. Nilirudi saa nane na kukuta mlango wetu una makufuli mawili. Letu dogo la njano. Na juu yake jingine, kubwa, jeusi, jipya, bado lina grisi!

Nilidhani nimekosea mlango. Miaka sita!

Brayo alikuwa ameketi kwenye ngazi ya namba moja, anachezea simu. Hakuniangalia. Alisema: "Kev, usinikasirikie. Mi natumwa tu. Mzee amesema namba nne wanatoroka."

Tunatoroka! Nikamwambia, lakini Mama alikupa notisi tarehe mosi. Akajikuna shingo. Alisema ndiyo, alimwambia Mzee kwamba labda namba nne watahama. Nikamuuliza neno labda lilitoka wapi. Akasema aliona tu ni story za Mama, si alisema hivyo hata mwaka jana?

Ni kweli. Mwaka jana Mama alisema hivyo.

Mama alifika na beseni la nyanya kichwani. Aliliteremsha polepole. Akalishika kufuli jeusi, akalipima kwa mkono kama anayetaka kulinunua. "Hii ni ya bei," alisema. Halafu akaketi chini kabisa.

Ndani kuna kitanda, cherehani, nguo zetu. Na sanduku la bluu.

Nikasema tuite fundi, avunje. Mama akaniangalia vibaya. Mtu wa Uganda avunje mlango wa mwenye nyumba upande wa Kenya? Nataka yeye alale selo ya polisi?

Mama Becky wa namba tano ametupatia sakafu yake tulale. Alicheka mpaka akashika mbavu: "Kumbe mmehama kweli! Kutoka namba nne mpaka namba tano!" Mama naye akacheka, lakini mimi sikuweza.

Jumatano, 26 Februari

Tulikwenda kwa Mzee Osborn dukani kwake. Ana duka la misumari, rangi na mabati. Alikuwa anampimia mteja misumari. Tulingoja mpaka akamaliza. Mama alipiga magoti kidogo kumsalimu, kama anavyofanya kwa wazee wa kwetu. Yeye akasema, inuka Mama Kevina, hapa si kwenu.

Nayaandika kama yalivyosemwa.

Mama: "Mzee, mimi sijaiba. Kodi nililipa. Notisi nilipea Brayo."

Mzee: "Brayo aliniletea labda. Mimi siwezi kutafuta mpangaji kwa labda. Unamkumbuka yule wa namba saba?"

Namkumbuka. Sote tunamkumbuka.

Alisema yule naye alianza hivihivi. Leo ndoo, kesho godoro. Siku ya kufungua mlango, hakuna mtu, hakuna vioo vya dirisha, hakuna hata swichi. Waya zinaning'inia ukutani. Miezi minne ya kodi imekwenda naye. "Nyinyi watu wa mpaka mnahama kama wanaovusha sukari ya magendo. Jirani anaona nini? Mimi nione nini?"

Mama akasema hiyo ndiyo njia ya kuvuka bila matata, kila mtu anavuka hivyo.

"Kuvuka, sawa. Kuhama kwangu, hapana. Na nisingefunga. Niliona vitu vinatoka, nikauliza mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nikaambiwa hamhami."

"Nani alikwambia?"

Aliniangalia. Halafu akaangalia mizani yake. "Mtu wa kwenu," akasema. Basi.

Sharti lake ni hili. Vitu virudi. Vyote! Virudi Marachi, vipangwe chumbani kama vilivyokuwa. Yeye atakuja na karatasi yake, ahesabu vilivyo vyake: vioo sita, swichi moja, soketi mbili, kishikio cha taa. Akiridhika, tutatoka mchana, kwa geti kubwa, majirani wakituona.

Mama aliomba sanduku tu. Sanduku la mtoto, vyeti vya shule. Mzee akafikiri. Niliona anafikiri! Halafu akasema: "Sanduku likitoka, mtarudi kufanya nini?"

Tukatoka dukani.

Njiani Mama alikuwa anatembea haraka, anajiuliza kwa sauti. Jumatatu nani alikuwa uani? Nani anaongea na kila mtu? Ni Paddy! Tulipomkuta karibu na mpaka, hakungoja hata salamu. "Paddy, mdomo yako imetufungia nyumba! Nani alikutuma useme hatuhami?"

Paddy aliuondoa mkono kwenye pedali. "Mama Kevina, mimi nabeba mizigo ya watu miaka kumi na nne. Hakuna mzigo imewahi sikia mimi naongea." Alisema polepole, na watu walikuwa wanatazama. Kisha akasema vitu vyetu viko kwake salama, ila tutafute mtu mwingine wa kuvibeba.

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilikuwa natazama gurudumu lake la mbele.

Alhamisi, 27 Februari

Siku mbovu. Fupi.

Ofisini kwa naibu wa chifu tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa saba. Karani alisema kesi ya nyumba ni lazima pande mbili ziwepo. Atuandikie Jumanne ijayo? Jumanne ni tarehe 4! Nikamwonyesha barua ya shule. Aliisoma yote, akanipongeza, akasema Jumanne.

Nilipiga simu shuleni Tororo kwa simu ya Mama Becky. Mwanamke mmoja alisema, binti, njoo na vyeti, au usije. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyeulizwa hivyo mara hamsini leo.

Mama amejaribu wabebaji wengine wawili wa baiskeli za mikono. Wote wamekataa. Wanasema wamesikia alivyomtukana Paddy.

Tuko wanne kwenye chumba cha Mama Becky. Becky anapiga teke usingizini.

Ijumaa, 28 Februari

Nimefungua ukurasa wa kwanza na kuusoma. Nitaandika yote. Ni mwandiko wangu.

Jumatatu sikuandika yote.

Nilikuwa nafunga gunia la mahindi kwenye baiskeli ya Paddy, na Paddy alikuwa amekwenda kunywa maji kwa Mama Becky. Mzee Osborn aliingia kwa geti. Alisimama. Aliangalia gunia, godoro, meza. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kevina, mnahama?"

Nikasema: "Hapana, Mzee. Ni vitu kidogo tu, tunapunguza."

Ni hivyo tu. Lilitoka lenyewe, kama ninavyowajibu maofisa pale mpakani tangu nikiwa na miaka kumi na fuko la vitambaa mgongoni. Ni vitu kidogo tu. Sikufikiria hata kidogo. Akasema, "Sawa, mwanangu. Ukisema wewe, sawa." Akaenda zake.

Ukisema wewe, sawa! Aliniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye mtoto aliyeachiwa taa.

Na dukani angeweza kunitaja mbele ya Mama. Hakunitaja. Na Paddy akatukanwa barabarani, nami nikatazama gurudumu.

Leo mchana nilimwambia Mama. Alikuwa anachambua mchele. Nilisema moja kwa moja, kabla sijaogopa. Si Paddy, ni mimi.

Mikono yake ilisimama kwenye ungo. Nilingoja kofi au kelele. Hakuna. Akasema: "Hiyo jibu ni mimi nilikufundisha." Akachambua punje chache. "Lakini ilikuwa ya watu ya mpaka. Haikuwa ya Mzee."

Halafu akanikasirikia, na vizuri kabisa. Kwamba nilimwacha ammwagie Paddy maneno. Kwamba siku tatu nimekula chakula kimya. Alisema yote, kwa Kisamia, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti, mpaka Mama Becky akatoka nje na mtoto wake.

Tulivuka pamoja kwenda Sofia. Mama alimwomba Paddy msamaha mbele ya mkewe na watoto. Mimi nikafuata. Paddy alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Kwa hiyo mzigo ndiyo uliongea." Mkewe akacheka, naye akacheka, na mimi nikalia kama mjinga.

Atarudisha vitu kesho. Pikapu ya Tororo Mama ameiahirisha. Dereva alifoka kwenye simu.

Leo ni tarehe 28. Kodi imekwisha leo.

Jumamosi, 1 Machi

Saa tisa alasiri. Naandikia uani, nimekalia gunia la mahindi. Ndiyo, lile lile.

Safari tano tangu asubuhi. Paddy ameendesha mpaka viganja vimechubuka, nikamfunga kitambaa. Safari ya tatu, ofisa mmoja alitusimamisha. Aliangalia godoro, akatuangalia. "Mama, Jumatatu hili godoro lilikuwa linakwenda Uganda. Leo linarudi Kenya. Nyumba yenu ina miguu?" Wenzake wakaangua kicheko. Nilikuwa na jibu la zamani tayari kwenye ulimi. Nikalimeza. Nikasema: "Tulihama vibaya, afande. Tunarudi ili tuhame vizuri." Akainua kizuizi.

Kwa hiyo vitu vyote viko hapa. Vyote! Vimepangwa mbele ya mlango namba nne, kwa sababu kufuli jeusi bado lipo. Na Mzee Osborn hayupo. Amekwenda matangani Bumala tangu jana, na ufunguo anao yeye. Simu yake haipokelewi. Brayo anasema matangani huzima simu.

Sisi si wapangaji tena, na hatujahama. Tuko nje ya mlango ambao vitu vyetu viko pande zote mbili. Wingu limefunga upande wa ziwa. Mama amefunika godoro kwa nailoni ya dukani. Anafagia mbele ya mlango usio wake. Mama Becky amepita na ndoo akasema sasa tumehamia uani, bado hatujafika Tororo lakini tunasogea.

Brayo ametoka ndani amevaa koti. Anakwenda Bumala kwa boda, kumpelekea Mzee pesa za kodi za mwezi mpya. Amesimama mbele yangu: "Kev, kama una neno la Mzee, andika saa hii. Boda amenipa dakika tano. Na usiandike Kiswahili kigumu, nitaulizwa mimi."

Nimechana karatasi ya katikati ya daftari. Naandika kwanza hapa, nisikosee, kisha nanakili.

Kwa Mzee Osborn,

Shikamoo, Mzee. Pole kwa msiba.

Mimi ni Kevina wa namba nne. Jumatatu uliniuliza kama tunahama, nikasema hapana. Nilisema uongo. Paddy hakusema neno, wala Mama hakujua. Ni mimi. Na wewe ulijua ni mimi, hukunitaja. Asante, ingawa imeniuma kuliko kama ungenitaja.

Vitu vyote vimerudi. Viko mbele ya mlango, na mvua inakuja. Vioo sita vipo, nimevihesabu kwa nje. Swichi na soketi utaziona mwenyewe ukifungua. Nadhani ziko sawa, lakini sisemi kwa uhakika kwa sababu siwezi kuziona.

Jumatatu kabla ya saa sita natakiwa niwe Tororo na vyeti vilivyo ndani ya sanduku la bluu. Siombi sanduku litoke peke yake. Naomba uje, au umpe Brayo ufunguo na karatasi yako, ahesabu mbele ya majirani, tutoke kesho mchana kwa geti kubwa kama ulivyosema.

Brayo anaita. Boda amewasha pikipiki.

Mzee, Brayo atarudi jioni hii. Tafadhali mpe jibu la jambo moja tu, hata kama la ufunguo utakataa. Naomba uniulize tena lile swali la Jumatatu. Ukiniuliza, nami nikisema ndiyo, tunahama, utaniamini?